Marehemu Kikosi cha Radi, Aliyefariki na "Itaendelea" Mdomoni

Ndugu wafiwa, majirani wa ua huu, wauza magazeti mliofunga vibanda vyenu kuja kutusitiri, vinyozi wa mtaa, mafundi wa mashine na wasomaji wote mliojaa mpaka kwenye ngazi, poleni sana, na kabla sijaanza Doña Herlinda ameniomba niwaambie mlioegemea ukuta wa upande wa makaro ya kufulia msogee kidogo, kwa kuwa ule ufa wa tetemeko bado haujazibwa na leo tumejiandaa kuzika mmoja tu.

Marehemu tunayemzika leo, Jumanne tarehe 2 Februari 1988, hakuwa mtu wa nyama na damu, alikuwa gazeti la katuni la kila wiki lililoitwa Kikosi cha Radi, na kama kuna aliyekuja hapa akidhani ni mzaha basi mlango uko wazi, anywe kahawa yake aende, kwa sababu wapo watu kwenye ua huu waliojifunza kusoma kwa marehemu, na yupo mama mmoja, amekaa pale mbele kwenye kiti cha jikoni, aliyemlea marehemu kwa wino wa mkono wake kwa zaidi ya miaka ishirini na minne, akaja kunyang'anywa na mtu wa nyumbani. Familia imenichagua mimi, mpwa wa mama huyo, niisome historia hii, na nitaisoma yote, hata zile sehemu ambazo kuna mtu angependa niziruke.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Aprili 1959, hapa hapa Jiji la Mexico, mtaa wa Obrera, jikoni kwa Doña Herlinda Zaldívar Oropeza, aliyekuwa na miaka ishirini na mitatu na kazi yake ikiwa kuchora lebo za makopo ya pilipili, na baba yake marehemu alikuwa Don Eleuterio Montalbán, mtunzi wa michezo ya redio. Wenye mawazo yao watulie, hawa wawili hawakuwa mke na mume, mume wa Doña Herlinda alikuwa Nicasio, dereva wa tramu, Mungu amrehemu, bali walikuwa kompadre na komadre, kwa kuwa mwaka mmoja kabla yake Don Eleuterio alimbeba binti yao Amparo kwenye ubatizo, akawa baba yake wa pili, na undugu huo sisi tunauhesabu kuwa mzito kuliko wa tumbo moja. Ndiyo maana siku marehemu anatungwa hakuna aliyetia sahihi mahali popote. Nicasio alipouliza, "Sasa hii mali ni ya nani?" Don Eleuterio alishika kifua kama mtu aliyechomwa kisu akasema, "Kompadre, mimi ndiye wa kuniomba sahihi? Mimi niliyembeba mwanao kanisani?" na Nicasio akaona haya, akaomba radhi, akamwongezea kahawa. Hapo ndipo tulipokosea, na kusema kweli hata leo tungerudishwa pale tungekosea vile vile, maana utamdaije kompadre wako karatasi, halafu ubaki na uso wa kumtazama?

Marehemu alizaliwa na watu watano ndani yake, nahodha Radi, aliyetoa umeme viganjani, Kuli, mbeba mizigo wa soko la La Merced aliyenyanyua lori kwa bega moja, Bibi Barafu, muuza barafu ya kukwangua aliyewagandisha majambazi kwa pumzi yake, Padri Moshi, aliyepenya chini ya milango, na Mbayuwayu, mwanamke aliyeruka, ambaye ndiye aliyekuwa roho ya marehemu na ndiye aliyetuletea msiba huu. Hao wanne sura zao tulizijua, kila mmoja alivua barakoa akifika kwake, akala, akagombana na mwenye nyumba, lakini Mbayuwayu hakuvua kamwe. Don Eleuterio alianza kuuliza tangu toleo la kwanza, "Komadre, huyu ana uso wa nani?" na Doña Herlinda, bila kuinua kichwa, alijibu, "Wa kwake." Hakumwambia yeye, hakumwambia Nicasio, hajatuambia sisi. Kwa vinyozi watu walibishana mpaka wakakatwa nywele vibaya, mmoja akaapa kwamba ni mke wake kabisa, amemtambua kwa miguu, akajibiwa, "Angekuwa mke wako angesharuka zamani." Mama na baba wa marehemu waliapa, wote wawili, mbele ya jiko linalowaka, kwamba barakoa ile itatoka kwa njia moja tu, ile inayotolea barakoa yoyote ya mwanamieleka katika nchi hii, yaani ulingoni, mbele ya macho ya watu, mwenyewe akiwa ameiweka dau kwa hiari yake na kushindwa kwa haki.

Kuhusu elimu, marehemu hakusomeshwa, yeye ndiye aliyesomesha. Kuanzia mwaka 1960 alipatikana kwenye yale mabenchi ya kukodisha magazeti, unalipa kidogo, unasoma hapo hapo, unarudisha, na asiyejua kusoma alijibanza karibu na anayejua, mpaka siku moja akachoka kubembeleza akaanza kusoma mwenyewe, kama alivyofanya Don Tranquilino, muuza magazeti wa kona yetu, yule pale mwenye kofia ya majani, aliyeuza herufi miaka mingi kabla hajazijua. Mwaka 1962 kamati ya akina mama wa parokia ililalamikia suruali ya kubana ya Mbayuwayu, Don Eleuterio akaogopa, akaomba avalishwe sketi, naye akavalishwa, wasomaji wakaanza kuuliza, "Huyu anakwenda kupigana au anakwenda kununua nyanya?" na wiki ya tatu Doña Herlinda akaichora sketi ile ikinaswa kwenye waya wa tramu, ikabaki huko, na hakuna aliyeiulizia tena.

Kwa upande wa kazi, marehemu aliajiriwa na kampuni moja ya uchapishaji ya hapa jijini, ambayo familia imeamua kutoitaja ili isipate tangazo la bure, akafanya kazi kila Jumanne bila kukosa, kurasa thelathini na mbili za wino wa kahawia. Namna alivyotengenezwa wengi hamkuiona, sisi tuliiona. Don Eleuterio hakuandika, alicheza, aliingia jikoni, akavua koti, akashika kifuniko cha sufuria kikawa ngao, akapanda juu ya kiti, akaanguka, akafa, akafufuka, na Doña Herlinda akamchora hapo hapo huku maharage yakiungua, na maneno yakizidi alimkata, "Kompadre, Kuli asitoe hotuba, mtu ana lori begani," naye akacheka mpaka machozi, akayapunguza, akasema, "Bila wewe, komadre, ningekuwa bado nasifia sabuni redioni." Tunalisema hili kwa haki, alikuwa mtu wa raha, watoto wa ua huu tulimkimbilia akiwa bado kwenye kona, tulimpenda, na ndiyo maana inauma hivi.

Marehemu alifunga ndoa mara moja, Jumamosi tarehe 5 Novemba 1966, na gazeti la Mlinzi wa Sierra, wakawa wanatoa toleo moja nene la pamoja kila mwisho wa mwezi, lakini ndoa haikufika miaka miwili, kwa sababu bwana harusi alitaka akae mbele kwenye kila jalada, kila adui auawe naye, na Bibi Barafu, mwanamke mwenye uwezo wa kugandisha mto, akaambiwa abaki nyuma apike, basi marehemu akafungasha akarudi kwao. Alijaliwa watoto watatu, wa kwanza Kuli Peke Yake, aliyezaliwa mwaka 1964, kabla ya ndoa, tusijifanye hatujui, wa pili Kikosi cha Mfukoni, aliyezaliwa mwaka 1968 akafariki mwaka huo huo, na wa tatu mchezo wa redio wa mwaka 1971, ambamo sauti ya Mbayuwayu ilitolewa na Amparo, akiwa kigoli wa miaka kumi na mitatu, na baba yake wa ubatizo akamshangilia studio kuliko mtu yeyote.

Sasa nafika mahali nilipoonywa nipapite haraka, na sitapapita haraka. Mwaka 1972 kampuni ilitaka jina la marehemu liandikishwe serikalini, Don Eleuterio akaenda peke yake, akarudi jioni na mfuko wa mikate mitamu, akasema, "Komadre, foleni ilikuwa balaa, nimeandikisha kwa jina langu tumalize, si ni kitu kimoja?" na Doña Herlinda akasema ni kitu kimoja, akachagua mkate wa ganda la sukari, akaendelea kuchora. Mwaka 1979 wakampa ukurugenzi, ofisi ya ghorofani, akaanza kuja jikoni mara moja moja, kisha akawa anatuma dereva kuchukua kurasa na kuacha ujumbe kwa mdomo, na sisi tukawa tunasema kazi zimemzidi, maskini, kumbe alikuwa anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mwezi Oktoba 1983, mauzo yakiwa yameshuka kwa kuwa kila chumba kwenye ua huu kilikuwa na televisheni, Doña Herlinda alichora toleo ambalo Mbayuwayu anawatoa watu kwenye sinema inayoungua, usiku kucha, mpaka wa mwisho, halafu anasinzia kwa uchovu juu ya magunia ya Kuli, na wenzake wanne wanakaa wamemzunguka, wanamlinda mpaka kunakucha, na toleo linaishia hapo. Dereva alizichukua kurasa, akashukuru, akaondoka.

Jumanne tarehe 8 Novemba 1983 Doña Herlinda alitoka kununua tortilla, na alipokaribia kona alimwona Don Tranquilino akilitoa gazeti kwenye kamba haraka haraka na kulining'iniza upya, jalada likitazama ndani. "Doña Linda," akamwambia, "leo usinunue. Leo nunua jingine." Doña Herlinda akanyoosha mkono, akapewa, akalifungua hapo hapo barabarani. Kurasa za mwisho hazikuwa zake, zilikuwa za mkono mwingine uliofuatisha mistari yake juu ya kioo, na ndani yake Radi, nahodha wake, mwenzake wa miaka yote ile, anamsogelea Mbayuwayu amelala, anatazama huku na huku, na anamvua barakoa. Chini ya barakoa kulikuwa na msichana wa tangazo la shampuu, nywele za dhahabu, nyusi zimenyolewa mpaka zimebaki uzi. "Huyu ni nani?" akauliza Doña Herlinda. "Wanasema ndiye Mbayuwayu," akajibu Don Tranquilino, hawezi kumtazama. "Si yeye," akasema Doña Herlinda, akaligeuza gazeti, na kwenye jalada likabaki jina lake, Herlinda Zaldívar, limeandikwa kubwa kuliko siku zote.

Jamani, ulingoni mtu akivuliwa barakoa kwa hila, watazamaji hurusha viti. Akivuliwa amelala, na mtu wa kikosi chake mwenyewe, tuseme nini? Hatuna neno la kitu hicho, kwa sababu hakuna aliyewahi kukifanya.

Jumapili iliyofuata Don Eleuterio alikuja mwenyewe, na mikate yake, akakaa kwenye kiti chake kile kile, na mazungumzo yao tuliyasikia sote kwa kuwa ukuta wa ua huu ni kama shuka. Akaanza, "Komadre, nisikilize, kampuni ilinibana, walitaka uso, uso unauza." Doña Herlinda akasema, "Ungekuja ukaniambia." Kompadre akasema, "Ungekataa." Komadre akajibu, "Ningekataa, ndiyo, tungepigana hapa, jikoni, wewe na kifuniko chako mimi na kalamu yangu, na ungenishinda, kompadre, ungenishinda kwa haki, ningemvua mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Ila wewe ulingoni hukupanda. Umesubiri tumelala." Naye, badala ya kunyamaza, akatamka neno ambalo familia haijalimeza mpaka leo, akasema, "Ni katuni tu, komadre." Doña Herlinda akainuka, akaosha kalamu zake, akazifunga kwenye kitambaa, na marehemu hakupata tena tone la wino wake.

Ugonjwa wa marehemu ulianza wiki hiyo hiyo. Wauza magazeti walirudisha mafungu yakiwa hayajafunguliwa kamba, kwenye mabenchi watu walimsukuma pembeni kama sahani ya jana, na wengine wakamwandikia Radi, si Don Eleuterio, Radi mwenyewe, wakimtukana matusi ambayo mbele ya mama hawa siwezi kuyasoma. Madaktari walihangaika, walimtia rangi, wakamwongezea shujaa mwenye pikipiki, wakatunga kwamba msichana wa shampuu alikuwa pacha wa uongo, wakatunga kwamba ilikuwa ndoto, lakini hakuna kilichoshika, kwani msomaji aliyemwona nahodha akimgeuka mwenzake hawezi tena kuamini kwamba atakuja kuokoa mtu. Mwaka 1984 akawa anatoka mara mbili kwa mwezi, mwaka 1985 akapita salama kwenye tetemeko ambalo lilituangushia nusu ya mtaa, tukadhani huenda Mungu ana mpango naye, mwaka 1986 akawa wa kila mwezi, karatasi nyembamba, unasoma ukurasa unaona na wa nyuma yake, na muda wote huo jina la Doña Herlinda lilibaki kwenye jalada lake, watu wakimsimamisha njiani na kumwuliza, "Mama, umefanya nini mbona unachora hivi?" naye akijibu tu, "Nimezeeka."

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 29 Desemba 1987, bila tangazo, bila kuaga, bila hata mstari mweusi kwenye jalada, na kwenye ukurasa wake wa mwisho Kikosi chote kinaning'inia juu ya bwawa linalopasuka, na chini yake imeandikwa "Itaendelea". Don Tranquilino alimngojea Januari yote, kila gari la magazeti likija anachungulia. Haikuendelea. Kampuni iliuzwa kwa watu wa kaskazini, ghorofa ikafungwa, na Don Eleuterio mwenyewe akaachwa mlangoni na sanduku la vitu vyake, kwa kuwa wanunuzi walitaka jina aliloliandikisha, yeye hawakumhitaji.

Januari hiyo hiyo Doña Herlinda alifungua kitambaa cha kalamu, akafunga mlango wa jiko, kitu ambacho hatukuwahi kumwona akikifanya, na akachora. Amechora toleo la mwisho la marehemu, lile la kweli, kurasa thelathini na mbili, tunajua kwa sababu alimtuma Amparo karatasi. Kilichomo hatukijui. Bwawa linapasuka au halipasuki, hatujui. Mbayuwayu anaamka anafanya nini, anamwambia nini Radi, ana uso gani, hatujui, na tumeomba, Amparo ameomba, Don Tranquilino ameomba ukurasa mmoja tu akiwa amepiga magoti na kofia mkononi, naye Doña Herlinda amelitia toleo hilo kwenye kasha la bati, akamwita fundi wa mabomba, akalifunga kwa risasi ya kuchomelea kila upande. Ndilo lililo ndani ya jeneza hili dogo mnaloliona. Kwa wasomaji mtakaosikitika, nasi tunasikitika, lakini amesema hivi, kwamba kila alichokitoa nje ya jiko hili kilirudi na uso wa mtu mwingine.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari wa marehemu, hasa fundi Crispín Arriaga na wenzake wa mashine ya uchapaji, waliompigania mpaka rola ya mwisho ilipokatika, kwa majirani waliovunja saruji hapa penye ufa na kutuchimbia kaburi, kwa wauza magazeti wote wa kusini mwa jiji, kwa vinyozi, kwa akina mama wa parokia ambao, tuwe wakweli, walimsoma kila wiki ili walalamike vizuri, na kwa Amparo, aliyekuta kitoto cha udongo kwenye kipande chake cha mkate wa Wafalme mwezi uliopita, na anayekikuta ndiye hulisha watu sikukuu ya Candelaria, hivyo tamale za mahindi za leo ni jasho lake, tafadhali kila mtu achukue mbili, zile za kijani zina pilipili.

Limebaki jambo la wabebaji. Jeneza ni dogo, linatosha watu wawili, nyuma atashika Don Tranquilino, na mbele, familia ilipendekeza nishike mimi. Juzi Jumapili Don Eleuterio alikuja kugonga, amekonda, hana mkate, akasimama pale pale mlangoni alipo sasa, na kofia kifuani, akasema, "Komadre, nionyeshe uso wake tu. Mara moja. Maneno yote ya mdomo ule ni yangu na mdomo wenyewe sijauona." Sisi tulitaka kumfukuza, na Amparo alishamfungulia lango la kutokea, lakini Doña Herlinda akasema mtu akishakuwa kompadre wako hakuna kanisa la kumvua, aje Jumanne kama ndugu yeyote. Sisi hatujamsamehe, na hiyo nayo ni sehemu ya historia. Basi mbele atashika Don Eleuterio Montalbán, na mama wa marehemu ameniagiza nimwambie hapa, mbele ya watu wote, maneno yake bila kupunguza: "Kubeba utabeba, kompadre. Kusoma hutasoma."

Kikosi cha Radi, lala kwa amani, safari hii hakuna atakayekuvua usingizini.